Kwa Nini Prius Ina Mgongo Ule: Umbo la Gari la Haibridi na Ukinzani wa Hewa

Simama nyuma ya Toyota Prius ya kizazi cha pili au cha tatu, mojawapo ya zile zilizoshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam zikiwa zimeshatumika Japani, uitazame kwa utulivu. Paa lake halinyooki kama la magari mengine. Linapanda hadi kilele kilicho karibu na kichwa cha dereva, kisha linaanza kushuka polepole kuelekea nyuma, na kioo cha nyuma kinaufuata mteremko huo kikiwa kimelala karibu sawa na paa lenyewe, hadi mahali ambapo mwili mzima wa gari unakatwa wima kama mkate uliopitishwa kisu. Kwenye ukuta huo uliokatwa kuna kioo cha pili, kidogo na kilichosimama, na kati ya vioo hivyo viwili unapita upau mweusi ambao dereva huuona kila anapotazama nyuma kupitia kioo cha ndani.

Wapo wanaoliona umbo hilo kuwa baya, na wapo wanaodhani lilibuniwa ili gari la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta na mota ya umeme kwa pamoja, litofautiane na mengine barabarani. Mgongo ule ni jibu la swali la fizikia ambalo kila mtengenezaji wa magari hukutana nalo, lakini ambalo kwa gari la haibridi lina uzito mkubwa zaidi kuliko kwa gari la kawaida. Inafaa tulifuate swali hilo hatua kwa hatua, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu magari haya huishia kwenye betri na mota, ilhali petroli nyingi inayookolewa katika safari ndefu inaokolewa na bati.

Gari la petroli la kawaida lina matundu mengi ya kuvujisha nishati. Kwenye foleni injini inaunguruma bila kulisogeza gari hata hatua moja. Kila dereva anapokanyaga breki, mwendo alioulipia kwa petroli unageuka joto kwenye diski na pedi, na joto hilo linapotea. Injini yenyewe, hasa inapopewa kazi ndogo ya kulisukuma gari taratibu mjini, huchoma mafuta kwa ufanisi mdogo. Haibridi iliundwa ili kuyaziba matundu hayo. Gari likisimama, injini inazima. Dereva akipunguza mwendo, mota inageuka jenereta na kurudisha betrini sehemu ya nishati ambayo ingeishia kwenye pedi. Injini inaitwa kazini pale inapoweza kuifanya kazi hiyo vizuri, nayo imeundwa kwa mzunguko unaobana matumizi, kiasi kwamba ile ya Prius ya kizazi cha nne, iliyoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2015, ilifikia kiwango cha kugeuza asilimia 40 ya nishati ya petroli kuwa kazi, jambo ambalo injini chache za petroli za wakati ule ziliweza kulifanya.

Matundu hayo yakishazibwa, yanabaki mawili makubwa. La kwanza ni matairi, ambayo hubonyea na kunyooka kila yanapozunguka, na la pili ni hewa. Hewa ina tabia moja inayoitenga na hasara nyingine: nishati uliyoipa hairudi. Chukua gari lenye uzito wa kilo 1,400 pamoja na waliomo, linalokwenda kilomita 60 kwa saa. Nishati iliyo katika mwendo wake ni kilojuli 194 hivi, na haibridi ikisimamishwa kwa upole inaweza kuiweka sehemu nzuri ya nishati hiyo betrini, kisha kuitumia tena taa za barabarani zikiruhusu. Sasa gari hilo hilo liende kilomita moja tu kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Hata likiwa na umbo zuri la kiwango cha Prius, litakuwa limetumia kilojuli 255 kuisukuma hewa, na zote zimebaki nyuma barabarani zikiwa upepo unaojizungusha hadi kutulia. Hakuna mota inayoweza kuzifuata huko. Kilomita moja ya barabara kuu imekula nishati nyingi kuliko yote iliyokuwa katika gari zima kabla halijafunga breki mjini.

Alama ya jambo hili inaonekana kwenye viwango vya matumizi ya mafuta ambavyo serikali ya Marekani huvitoa kwa kila gari jipya. Gari la kawaida hupewa umbali mkubwa zaidi kwa galoni kwenye barabara kuu kuliko mjini, kwa sababu mjini ndiko lisimamapo na kuondoka mara kwa mara. Prius ya mwaka 2010 ilipewa maili 51 kwa galoni mjini na maili 48 kwenye barabara kuu, yaani lita 4.6 kwa kilomita 100 mjini na lita 4.9 nje ya mji. Mpangilio umegeuka. Watu husema haibridi ni gari la mjini, wakaishia hapo, kana kwamba mota inachoka ikiona barabara ndefu. Kilichotokea ni kwamba mjini gari limefuta hasara zinazofutika kwa mitambo, na kwenye barabara kuu limekutana na hasara isiyofutika ila kwa umbo.

Kani ya hewa hutegemea mambo manne: uzito wa hewa yenyewe, mwendo wa gari, ukubwa wa uso ambao gari linaupeleka mbele ya hewa, na namba moja inayolieleza umbo, ambayo wahandisi huiandika kwa alama Cd. Uso huo unahesabiwa kama kivuli. Ukiliangaza gari kwa taa kutoka mbali mbele yake, kivuli kitakachoanguka kwenye ukuta ulio nyuma ndicho eneo linaloingia kwenye hesabu, na kwa gari la familia la ukubwa wa kati ni kama mita za mraba 2.2. Namba ya umbo, kwa upande wake, haina kipimo chochote, ni uwiano tu. Ubao uliosimamishwa kuukabili upepo una zaidi ya 1, na magari mengi ya siku hizi yako kati ya 0.25 na 0.35.

Mwendo una nguvu kuliko mengine yote, kwa sababu kani inaongezeka kwa mraba wake. Mwendo ukiwa mara mbili, kani inakuwa mara nne, na kwa kuwa gari linaishinda kani hiyo huku likikimbia mara mbili zaidi, kazi inayodaiwa kwa kila sekunde inakuwa mara nane. Tuliwekee lile gari letu Cd ya 0.25 na eneo la mita za mraba 2.2. Kwa kilomita 50 kwa saa hewa inalizuia kwa niutoni 64, na hazihitajiki hata kilowati moja kuishinda. Kwa kilomita 100 ni niutoni 255 na kilowati 7. Kwa kilomita 120 ni niutoni 367 na kilowati 12. Wakati wote huo matairi yanadai karibu niutoni 137, yakibadilika kidogo tu. Kwa hiyo chini ya kilomita 73 kwa saa hivi, matairi ndiyo yanayolizuia gari zaidi, na juu ya hapo hewa inachukua nafasi ya kwanza na kuzidi kujitanua. Anayezunguka Kariakoo siku nzima hana sababu kubwa ya kuhangaika na mgongo wa gari lake. Anayetoka Nairobi kwenda Mombasa kila wiki anayo.

Na kwa kuwa barabara hiyo imetajwa, inafaa kuongeza kwamba uzito wa hewa nao haulingani kila mahali. Kwa sababu ya mwinuko, hewa ya Nairobi ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa, na kani inapungua kwa kiasi hicho hicho kwa mwendo ule ule. Kiasi hicho kinakaribiana na kile ambacho wahandisi wa Toyota walikipata kwa kuchonga bati kutoka Prius ya kizazi cha kwanza hadi ya tatu, jambo linaloonyesha jinsi kazi ya kulichonga umbo ilivyo ngumu na ya subira.

Kani hiyo inatoka wapi hasa? Sehemu ndogo ni msuguano wa hewa inayoteleza juu ya bati na vioo. Sehemu kubwa ni tofauti ya shinikizo kati ya mbele na nyuma ya gari. Mbele hewa inagonga na kubanwa, shinikizo linapanda, kisha inaruka juu ya boneti na kioo ikiongeza kasi, na shinikizo lake linashuka kadiri inavyolipita paa. Ikishavuka kilele cha paa, inatakiwa ipunguze kasi na kurudisha shinikizo lake ili ilisukume gari kwa nyuma kama ilivyolizuia kwa mbele. Ikifaulu kabisa, hasara inakuwa ndogo mno. Lakini utando mwembamba wa hewa unaoligusa bati umeshachoka kwa msuguano, na ukiambiwa ushuke mteremko mkali unakata tamaa, unaachana na bati, na nyuma ya gari panabaki shimo la hewa inayojizungusha ovyo lenye shinikizo dogo. Shimo hilo linalivuta gari kurudi nyuma.

Mabaharia wa pwani huita mbele ya chombo omo na nyuma yake tezi. Akili ya haraka hutuambia kwamba omo ndiyo inayopasua, hivyo ndiyo ichongwe iwe kali. Kwa gari lililomo ndani ya hewa mambo hayako hivyo: omo butu iliyoviringwa vizuri inatosha, na tezi ndiyo inayoamua. Unaweza kuliona jambo hili kwa macho kwenye barabara ya vumbi. Gari lenye mgongo wa wima, kama steshenwagoni au daladala ndogo, linabaki safi kiasi mbele na ubavuni, lakini kioo chake cha nyuma kinageuka rangi ya udongo ndani ya kilomita chache, ingawa hakuna kitu kinachokirushia vumbi kutoka nyuma. Vumbi ni lile lile lililotimuliwa na matairi yake, nalo limevutwa na lile shimo likarudishwa mgongoni. Kinachokipaka kioo vumbi ndicho kinachoimaliza petroli. Gari lenye buti refu, ambalo hewa yake hushuka vizuri juu ya kioo cha nyuma, huchafuka huko kwa kiasi kidogo, na ndiyo maana magari mengi ya aina hiyo hayafungwi waipa ya nyuma.

Umbo linalowaridhisha wote wawili, omo na tezi, linajulikana tangu zamani: ni tone, duara mbele na mkia mrefu unaonyooka hadi ncha. Paul Jaray, mhandisi aliyefanya kazi kwenye karakana za Zeppelin huko Friedrichshafen, Ujerumani, alilihamisha umbo la zile puto ndefu za angani na kulileta barabarani katika miaka ya 1920. Tatizo lake ni la wazi kwa yeyote aliyewahi kutafuta maegesho. Mkia ukishuka kwa upole unaotakiwa, gari linakuwa refu kupita kiasi, na nusu ya urefu huo haina mahali pa kumkalisha mtu. Katika miaka ya 1930 Reinhard von Koenig-Fachsenfeld na Wunibald Kamm, ambaye alikuwa na taasisi yake Stuttgart, walionyesha njia ya kati. Uanze kuushusha mkia kama wa tone, kisha pale ambapo umeshapungua vya kutosha, uukate wima. Hewa inaachana na gari kwenye makali ya mkato, lakini inaachana nalo ikiwa imeshapunguza kasi na ikiwa imebakiza shimo dogo. Faida nyingi ya tone inapatikana, na ncha ndefu isiyo na kazi inaachwa.

Huo ndio mgongo wa Prius. Kizazi cha kwanza, kilichoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, kilikuwa sedani fupi yenye Cd inayokaribia 0.30. Kizazi cha pili, cha mwaka 2003, kikaliacha buti na kuuchukua mkia wa Kamm, na namba ikashuka hadi 0.26. Cha tatu, cha mwaka 2009, kikafika 0.25, na katika kizazi hicho kilele cha paa kilisogezwa nyuma kwa sentimita 10 hivi, kwa sababu paa linaloanza kushuka mapema mno linawabana vichwa walioketi nyuma. Cha nne kikafika 0.24. Kioo kidogo cha wima nacho sasa kinaeleweka: kioo cha juu kimelala sana kwa ajili ya hewa, na mkato uko juu sana, hivyo bila dirisha lile la chini dereva asingeliona gari linalomfuata kwa karibu. Ule upau mweusi unaokera macho ni makali ya mkato yenyewe, na haungeweza kuondolewa bila kuuharibu mkato.

Ukali wa mteremko una hesabu yake. Mwaka 1984 S. R. Ahmed na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya handaki la upepo, yaani chumba ambamo upepo hupulizwa juu ya kitu ili kuipima kani ya hewa, juu ya kielelezo kilichorahisishwa, kama tofali refu lenye pua ya mviringo, ambalo nyuma yake palikuwa na mteremko wa kubadilishwa pembe. Waliona kwamba kani ilikuwa ndogo zaidi mteremko ulipokuwa na nyuzi 12.5 hivi, kisha ikapanda kwa nguvu hadi kilele chake kwenye nyuzi 30, na ilipopita hapo ikaanguka ghafla. Kilele hicho kinashangaza. Mteremko wa wastani unaonekana machoni kuwa mzuri kuliko mkato wa wima, lakini hewa ya ubavuni, yenye shinikizo kubwa, hujiviringa kupanda juu ya mteremko kupitia kingo zake mbili na kutengeneza vimbunga viwili virefu vinavyofuatana na gari kama kamba. Kuvizungusha vimbunga hivyo kunagharimu nishati muda wote gari linapokimbia. Mteremko ukizidi nyuzi 30 hewa inaachana nao kabisa, vimbunga vinavunjika, na kani inapungua. Hivyo mbunifu ana njia mbili salama, mteremko mpole sana au mkato wa wima, na kati yake kuna pembe za hatari. Prius imechagua mteremko mpole. Toyota Aqua na Honda Fit za haibridi, ambazo ni fupi mno kuweza kuushusha mkia, zina paa linalovutwa nyuma kwa kibao juu ya kioo, kisha zinakatwa karibu wima.

Kingo za mkato zinastahili kuangaliwa kwa karibu. Pitisha kidole kwenye kona ya bampa la nyuma ya Prius, au kwenye ukingo wa taa yake, na utahisi ncha kali mahali ambapo ungetegemea mviringo. Mviringo ungeiruhusu hewa kuizunguka kona kidogo kabla ya kuachana nayo, mara hapa mara pale, na lile shimo la nyuma lingetanuka na kuyumba. Ncha kali inaiambia hewa iachane na gari hapo, mahali pamoja, kila wakati. Katika sehemu ya mbele kanuni ni nyingine, kwani huko hewa inapaswa kushikamana na bati, na ndiyo maana kona za mbele huviringwa. Mtu anayedhani kwamba umbo zuri ni umbo laini kila mahali amekosea nusu ya jambo.

Kuna sehemu ambazo mnunuzi hazitazami kabisa. Magurudumu na matundu yake huchangia takriban robo ya kani yote kwenye gari la kawaida, kwa sababu kila gurudumu ni kitu butu kinachozunguka ndani ya upepo. Hiyo ndiyo sababu rimu za magari ya haibridi mara nyingi huwa bapa, zenye matundu machache, au hufunikwa kwa kapi za plastiki ambazo mafundi wengi huziona pambo la bei rahisi. Chini ya gari nako kuna mashimo, mabomba na vyuma vinavyoivuruga hewa, na mabapa ya plastiki yanayofungwa huko huipa njia laini ya kupita. Kisha kuna hewa inayoingia kwenye shoo, yaani wavu wa mbele ya gari, ili kupoza rejeta. Hewa hiyo inaingia kwa nguvu, inavurugika ndani ya chumba cha injini, na inatoka ikiwa imepoteza kasi yake, na kasi hiyo imelipiwa na gari. Hapa haibridi ina mzigo na nafuu kwa pamoja. Mzigo ni kwamba mbali na injini inapaswa kukipoza kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kwa ajili ya mota. Nafuu ni kwamba injini yake inatoa joto dogo na mara nyingine imezimwa kabisa, hivyo hewa inayohitajika ni kidogo. Prius ya kizazi cha nne iliwekewa vibao nyuma ya shoo vinavyojifunga vyenyewe upoozaji usipohitajika, na vikijifunga, hewa inalipita gari kwa nje.

Cd ikitajwa peke yake inaweza kudanganya. Hewa haijui Cd wala haijui eneo, inajua zao lao. Basi dogo lililochongwa vizuri linaweza kuwa na Cd nzuri kuliko kigari kidogo cha mraba, na bado likadai kani kubwa zaidi kwa sababu kivuli chake ni kipana. Wale waliotaka kulipunguza zao hilo hadi mwisho walilazimika kuvipunguza vyote viwili. Honda Insight ya kwanza, ya mwaka 1999, ilikuwa na viti viwili tu, bodi ya alumini, magurudumu ya nyuma yaliyofunikwa kwa vipande vya bodi, na mwili uliobanwa kuelekea nyuma kiasi kwamba magurudumu yake ya nyuma yalikaribiana kuliko ya mbele kwa sentimita 11 hivi. Cd yake ilikuwa 0.25. Volkswagen XL1, haibridi ya dizeli iliyotolewa mwaka 2013 kwa idadi ya magari 250, ilikwenda mbali zaidi: kimo cha mita 1.15 tu, kamera mahali pa vioo vya pembeni, abiria aliyeketishwa nyuma kidogo ya dereva ili mabega yasigongane, na Cd ya 0.189. Kampuni ilieleza kwamba kwa kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare gari hilo lilihitaji nguvu za farasi 8.4 kushinda hewa na matairi kwa pamoja. Bajaji ina injini inayokaribia nguvu hizo. Lakini ni gari la watu wawili wanaolala kuliko kuketi, na kuliingia ni lazima uiname. Kwa maoni yangu XL1 ilithibitisha kanuni vizuri kuliko gari lingine lolote la haibridi lililouzwa, na kwa kufanya hivyo ilionyesha pia kwamba familia ya watu watano haiwezi kukaa ndani ya kanuni.

Kwa hiyo kilichotokea kwenye Prius ya kizazi cha tano, iliyozinduliwa mwishoni mwa 2022, si usaliti kama baadhi ya mashabiki walivyolalamika. Cd yake ilipanda kutoka 0.24 hadi 0.27, mara ya kwanza kwa namba hiyo kurudi nyuma katika historia ya jina hilo. Paa lilishushwa kwa karibu sentimita 5, kilele chake kikasogezwa nyuma zaidi, na kioo cha mbele kikalazwa sana. Kushusha paa kunapunguza kivuli kwa asilimia chache, ambazo hazitoshi kulipa ongezeko la Cd, hivyo kwa hesabu ya hewa peke yake gari jipya limepoteza kidogo. Hata hivyo viwango vya Marekani kwa toleo la LE vilipanda kutoka maili 52 kwa galoni mwaka 2022 hadi 57 mwaka 2023, kwa sababu mitambo iliboreshwa kuliko umbo lilivyoachiwa. Waliofanya uamuzi huo walikuwa na akiba na wakaamua kuitumia kwenye sura. Mtu anaweza kuujutia uamuzi huo, nami ninaujutia kidogo, kwa sababu mitambo ile na bati la zamani vingefika mbali zaidi, lakini ni vizuri kujua kwamba kilichobadilishwa ni kipaumbele, na kanuni ni ile ile.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni mkondo wa sasa wa kuiweka mitambo ya haibridi ndani ya miili mirefu na mipana. Tufanye hesabu tena kwa kilomita 100 kwa saa, tukichukulia kwamba injini inageuza asilimia 35 ya nishati ya petroli kuwa kazi. Gari letu la Cd 0.25 na mita za mraba 2.2 linahitaji lita 2.3 kwa kila kilomita 100 kwa ajili ya hewa peke yake. Gari la juu lenye Cd 0.35 na mita za mraba 2.7 linahitaji lita 3.9. Tofauti ni zaidi ya lita moja na nusu, na imetokana na bati tupu, kabla hatujagusa uzito wala matairi. Neno haibridi lililobandikwa nyuma ni lile lile kwa yote mawili. Mnunuzi anayesafiri sana kati ya miji anaweza kulipia betri, mota na mitambo ya kisasa, kisha akaitumia faida yote kuusukuma uso mpana wa gari lake.

Na hata aliyenunua gari lililochongwa vizuri anaweza kulichongoa upya bila kujua. Keria iliyofungwa juu ya paa na kuachwa huko mwaka mzima inakaa pale pale ambapo hewa inakimbia kwa kasi kubwa zaidi, na inaivuruga kabla haijaufikia mteremko ulioandaliwa kwa ajili yake, hivyo madhara yake yanazidi ukubwa wa vyuma vyake. Spesa zinazowekwa kwenye springi ili gari lisiguse matuta zinaongeza kivuli na kuruhusu hewa zaidi kupita kwenye vyuma vya chini. Mara nyingine hakuna budi, kwani barabara ya kwenda nyumbani ni hiyo hiyo na tuta ni hilo hilo. Lakini liko jambo moja lisilo na ulazima huo. Kava la plastiki la chini ya injini likipasuka, au vishikizo vyake vikikatika wakati wa kumwaga oili, mara nyingi hutupwa kando ya karakana na gari hurudishwa barabarani bila hilo, kwa kuwa linaonekana kama kinga ya matope tu. Walioliunda gari walilipima kava hilo ndani ya handaki la upepo pamoja na paa, mkato na kioo kile kidogo cha nyuma.